Kabla hatujauza shaba ya zile redio



Waliofika ku mkutano uliopita wanakumbuka kelele iliyotokea juu ya zile redio. Kwa wale ambao hawakuwapo, naeleza kwa ufupi. Familia kadhaa zilizorudi zimekuta nyumbani mwao, darini ao nyuma ya ghala, redio kubwa za mbao za wakati wa wazee. Hazisemi tena. Zililetwa ku depo yetu kwa sababu hakuna aliyejua zifanywe nini. Kisha akafika mnunuzi wa shaba. Akafungua moja, akashika transfo mkononi, akasema anachukua zote kwa kilo. Vijana walifurahi, maana pesa ile ingeingia ku kasha la msaada wa magonjwa na mazishi, na kasha liko jepesi, wote tunajua. Mimi nikasimama, nikaomba tusubiri kidogo. Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, kama uko na sababu, uiandike ku gazeti yetu, kila mutu asome. Nyuma ya pale tutapiga kura."

Basi naandika. Sababu yangu ni ndefu kidogo, munivumilie.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi redio hapa Kasongo, na usiku wa sikukuu alikuwa mtu wa ampli. Ampli yake hakuinunua. Aliitengeneza kutoka redio iliyokufa, ndani ya sanduku la mbao ya libuyu, na nyuma aliacha wazi ili joto litoke. Tulipokimbia vita ya 1998, kupitia Kabambare mpaka Fizi na ziwa, ile sanduku ilibaki. Alichobeba ni kopo moja la maziwa ya unga, ndani yake taa nne za kioo zilizofungwa na pamba. Mke wake alimwuliza kama taa zile zinaliwa. Alinyamaza. Kopo lilifika Kigoma, likakaa miaka kambini, likarudi. Liko kwake mpaka leo.

Taa zile ndizo mafundi wetu waliziita lampi, kwa kufuata Kifaransa. Wengine wanaziita valvu. Mbele ya vile vipande vyeusi vidogo vya redio ya leo, lampi ndizo zilizofanya kazi yote. Ndani ya kioo hewa imetolewa. Katikati kuna bomba dogo la chuma, na ndani ya bomba waya unaowaka mwekundu. Bomba likipata moto linatoa elektroni, nazo zinarukia bati la pembeni ambalo limewekewa umeme mkali, volti 250 hivi. Mwingereza Fleming alifika hapo mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kitu kimoja: wavu mwembamba katikati ya njia. Umeme mdogo kabisa ukifika ku wavu, unafungua na kufunga njia ya ule umeme mkubwa. Ni sawa na mtoto anayesimama ku mlango wa maji wa bwawa la samaki. Mkono wake ni mdogo, lakini maji anayoyaruhusu ni mengi. Hivyo kinong'ono cha uzi wa gita kinaweza kuwa sauti ya kujaza uwanja.

Na gita lilihitaji msaada ule. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gita kavu lisilo na umeme, na sahani zake zikasikika mpaka Kenya. Lakini gita kavu ni la watu walioketi na kusikiliza. Ukileta ngoma mbili na watu wa kucheza, gita linakufa. Wamarekani walikuwa na shida ile ile miaka ya 1930, na dawa yao ilikuwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ikawekwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Umeme ule unapelekwa ku lampi.

Hapa nataka vijana wasikilize vizuri. Leo Fender, ambaye jina lake liko ku gita na ampli duniani kote, hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, na ampli zake za kwanza zilifuata michoro ambayo makampuni ya lampi yalikuwa yanaitoa ili watu wanunue lampi zao. Mwaka 1962, kule London, duka la Jim Marshall lilichukua ampli moja ya Fender, mafundi wake wakaifungua na kuinakili kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza, na hivyo Marshall akazaliwa. Wale tunaowaona wakubwa walianza na meza iliyojaa redio za watu, kama ya baba mdogo. Tofauti ni kwamba wao duka la vifaa lilikuwa ku barabara ya pili.

Kongo yetu, gita la umeme linatajwa kuingia Léopoldville mwaka 1953 na Bill Alexandre, Mbelgiji aliyewahi kupiga pamoja na Django Reinhardt, alipokuja kufanya kazi ku studio ya CEFA. Mwaka ule ule Kabasele alikuwa anaanzisha African Jazz. Miaka mitatu nyuma, tarehe 6 Juni 1956, OK Jazz ikapanda jukwaani. Lakini angalia nani alikuwa na vyombo. Studio zilikuwa za wafanyabiashara, wengi Wagreki: Ngoma ya Jeronimidis tangu 1948, kisha Loningisa ya Papadimitriou. Franco alianza utotoni na gita la kujitengenezea, nyuzi zake waya wa umeme uliochunwa. Gita la kweli lilimkuta studio. Mwenye studio ndiye mwenye gita na ampli, na mwanamuziki ni mgeni ku vyombo vya mtu.

Huku Maniema hatukuwa na studio. Tulikuwa na njia ya mizigo. Njia moja ilitoka Dar es Salaam kwa treni mpaka Kigoma, ambako Wabelgiji walikuwa na gati yao tangu 1921, ikavuka ziwa mpaka Albertville, Kalemie ya leo, ikapanda reli mpaka Kabalo, kisha Kongolo, Samba na Kindu. Ku njia ile ndiko vitu vya duka vilipitia, na redio za Ulaya zilikuwa vitu vya duka. Mwenye redio alikuwa karani, mwalimu, mfanyabiashara, padri. Umeme ulipatikana misheni, ku makampuni ya madini, na kwa mwenye grupu, yaani jenereta. Wengine wote walitumia redio za betri. Kule Rhodesia ya Kaskazini, tangu 1949, kampuni ya Ever Ready iliuza redio ndogo ya mviringo iliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika, watu wakaiita sufuria. Ilikuwa na lampi nne za betri. Ni redio nzuri ya kusikilizia habari, lakini lampi za betri zinatoa nguvu chini ya nusu wati. Huwezi kuchezesha arusi na nusu wati.

Kwa hiyo fundi wa gita alitafuta redio ya umeme, ile kubwa ya mbao. Nyuma yake, ku nyingi za Philips na wenzake, kuna vitundu viwili vyenye alama ya sahani ao herufi PU. Viliwekwa kwa ajili ya gramofoni. Ukichomeka gita pale, redio inaacha kusikiliza Léopoldville ao Bruxelles, inamsikiliza wewe. Huo ndio mwanzo. Ila sauti inakuwa hafifu, kwa sababu gramofoni inatoa umeme mwingi kuliko gita, na redio haikutegemea mgeni mnyonge namna hiyo.

Kazi ya fundi inaanzia hapo. Redio ya kawaida ya miaka ya 1950 ilikuwa na lampi tano: ECH81 na EF89 za kukamata stesheni, EABC80 ya kutoa sauti ndani ya mawimbi, EL84 ya kuipa sauti nguvu, na EZ80 ya kunyoosha umeme. Ampli ya gita haikamati stesheni yoyote. Baba mdogo alizing'oa zile mbili za kwanza, na ku shimo la EF89 akaweka ECC83, ambayo ndani ya kioo kimoja ni lampi mbili. Shimo ni lile lile, miguu tisa. Lakini kuna mtego ambao umewaaibisha mafundi wengi. Ndani ya EF89 moto unaingia mguu wa 4 na wa 5. Ndani ya ECC83 miguu ya 4 na 5 inafungwa pamoja, na moto unarudi mguu wa 9. Usipobadilisha waya, lampi inawaka nusu, sauti inatoka kama mgonjwa, na unaanza kulaumu gita. Nilimwona fundi mmoja akibadilisha sumaku mara tatu kwa sababu ya mguu wa 9. Baba mdogo alikaa pembeni akinywa chai, akamwacha ajifunze.

ECC83 inakuza kinong'ono, EL84 inakipa kifua. EL84 moja inatoa wati 5 hivi. Musicheke. Wati 5 ku spika nzuri, ndani ya ukumbi wa matofali, zinashindana na mpiga ngoma bila haya.

Sumaku ya gita nayo ilitengenezwa. Kisikio cha simu kilichoharibika kina sumaku na waya mwembamba kama unywele. Wengine walibandika kichwa cha gramofoni ku tumbo la gita kavu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na wenzake wa Konono No. 1, kundi lililoanza 1966, walichonga maikrofoni kwa mbao na kutumia sumaku za vyombo vya gari ili likembe zao zisikike juu ya kelele ya mji. Sahani yao ya miaka ya 2000 iliwashangaza Wazungu, wakasema ni muziki wa kesho. Ulikuwa muziki wa mtu aliyekosa duka.

Sasa nifike ku jambo ambalo lilinifanya nisimame siku ile, na ambalo wanachama wanaofungua redio nyumbani wanapaswa kulisoma mara mbili.

Herufi ya kwanza ya lampi inasema habari ya moto wake. E ni lampi ya volti 6.3, inayopewa umeme wake na transfo. D ni ya betri, volti 1.4. P ilitengenezwa zaidi kwa televisheni. U ni lampi zinazofungwa mstari mmoja, kama shanga, na redio nyingi za U hazina transfo ya umeme kabisa. Zilikuwa rahisi, Wafaransa waliziita za umeme wote, na ndani yake bati la chini linaweza kuwa limeshikana moja kwa moja na waya wa ukutani. Ku redio ya kusikiliza haina neno, kwa sababu mbao inakukinga na vifungo ni vya plastiki. Lakini ukifunga gita pale, nyuzi za gita zinakuwa waya wa ukutani. Mpiga gita anashika nyuzi kwa mkono mmoja, mdomo uko ku maikrofoni ya chuma, miguu iko ku udongo wenye maji. Naacha hapo. Baba mdogo alimfundisha kila mtoto aliyekaa mezani kwake neno moja mbele ya yote: "Kama iko E, kuja. Kama iko U, wacha." Niliweza kusoma E na U ku kioo cha lampi mbele ya kuweza kuandika jina langu.

Na hata ya E si ya kuchezea. Ndani muna kondansa zinazoshika volti 300 hata nyuma ya kuzima, na zinaweza kukaa na umeme ule muda mrefu. Fundi anazimwaga kwanza kupitia rezistansi, anapima, kisha anafanya kazi na mkono mmoja, mwingine mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Yule mnunuzi wa shaba alifungua redio ile mbele yetu na bisibisi, mikono miwili ndani. Ilikuwa haijapata umeme miaka mingi, ndiyo maana yuko hai.

Narudi ku historia. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazairwa. Wagreki, Wareno na Wahindi wakaondoka, rafu nyingi zikabaki na vumbi, na lampi ya kubadilisha ikawa hadithi. Wakati huo huo, dunia nzima ilikuwa inahamia transista. Fundi wa bara alibaki na redio zilizokufa, akaanza kula moja ili nyingine iishi. Ampli ya baba mdogo ilikuwa na damu ya redio nne, na alijua kila kipande kilitoka kwa nani.

Wanamuziki wengi hawakungoja. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, aliyezaliwa 1947, alifika Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaingia Super Matimila. Wengi wetu tulimsikia tukiwa Tanzania, wachache wanajua kwamba Matimila ni jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo vya bendi. Vyombo, kule, maana yake magita, ampli, spika. Bendi nyingi za Tanzania ziliishi hivyo: mwenye vyombo ndiye bwana, na wanamuziki wakigombana naye wanatoka mikono mitupu, wanamtafuta mwenye vyombo mwingine. Remmy alifika mpaka Ulaya na WOMAD mwaka 1988, akarekodi Real World, lakini jina la mwenye vyombo lilibaki ku bendi. (Wale wanaoniuliza kila mara: "Kasongo" ya Super Mazembe haihusu mji wetu. Ni mke anayemwomba bwana wake Kasongo arudi nyumbani. Sisi tulirudi bila kuimbiwa.)

Baba mdogo hakuwa Remmy, na sauti yake, Mungu anisamehe, haikuwa nzuri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia acha vyombo vyangu. Arusi za Waislamu na ubatizo wa Wakatoliki, wote walimfuata nyumbani kwake, na bei alipanga yeye. Kambini, wakati vijana wa kwaya walitengeneza magita ya mbao na nyuzi za kebo ya freni ya baiskeli, yeye ndiye aliyewaeleza kwa nini sumaku yao inavuma. Alifungua lile kopo mara moja tu, kuwaonyesha. Hakukuwa na transfo.

Hilo ndilo neno langu kubwa, na nilijua mtu atauliza: lampi si zimekwisha duniani? Hazijakwisha. ECC83 na EL84 zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia, Urusi na China, kwa sababu wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanapenda namna sauti ya lampi inavyopasuka polepole ikizidiwa. Lampi inaingia ndani ya mfuko wa koti. Kondansa mpya zinaingia ndani ya bahasha. Kitu kigumu ni transfo mbili: ile ya umeme, inayotoa volti 250 na zaidi pamoja na 6.3, na ile ya sauti, inayounganisha EL84, ambayo inataka omu 5,000 na kitu, na spika ya omu 4 ao 5. Hizo ni nzito, usafiri wake ni ghali, na kuzizungusha upya ni maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Na hizo ndizo mnunuzi anazotaka. Atalipa uzito wa shaba, kisha chuma atatupa. Tutabaki na sanduku, kioo na kitambaa.

Nikiwa hapo, niseme jambo moja ambalo halihusu kura lakini linanisumbua. Risasi ya kulehemu ndani ya redio zile zaidi ya nusu ni bati, etee kama tunavyoita, na etee ilichimbwa na wazee wetu wa Maniema. Symetain ilikuwa Kalima tangu miaka ya 1930, na Wajapani walipochukua Malaya mwaka 1942, etee ya Kongo ilitafutwa kwa nguvu na upande uliopigana nao. Mwaka 1976 makampuni yaliunganishwa kuwa SOMINKI, na bei ilipoanguka Oktoba 1985, kazi ikafa. Sumaku za spika za zamani nazo ni alniko: aluminiamu, nikeli na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka Katanga. Mei 1978, waasi walipoingia Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda mpaka watengenezaji wa spika wakaacha alniko wakahamia feraiti. Leo mpiga gita wa London analipa zaidi kwa spika ya alniko bila kujua kwamba ni vita yetu iliyoiondoa sokoni. Sisi tunazo deponi, zimefunikwa na mavi ya popo.

Sasa upande mwingine, maana sitaki kuficha. Lampi ni mlafi. EL84 moja na ECC83 moja zinakula ampea 1 hivi kwa volti 6.3 kwa moto peke yake. Ukiongeza umeme wa mabati, unafika wati 20 na kitu ili upate wati 5 za sauti. Betri ya sola ya volti 12 itahitaji konvatisa, nayo inakula yake. Kipande kidogo cha ampli kutoka China, cha dola chache, kitatoa sauti zaidi kwa umeme mdogo. Kwa arusi ya kesho jioni nunueni kile cha China, sitagombana na mtu. Lakini kikiungua, hakuna fundi hapa atakayekifungua, kwa sababu ndani hamna kitu cha kushika. Ku ampli ya lampi kila kipande kinaonekana, kila waya una mwanzo na mwisho, na mtoto anayeijua ile anaweza kesho kutengeneza konvatisa, chaja na jenereta. Vijana wetu waliorudi na mikono bila kazi wanahitaji meza ya kujifunzia, na meza ile tunayo tayari, tuliiletewa na wenye nyumba waliozikuta redio darini.

Wiki iliyopita nilimleta baba mdogo ku depo kwa piki. Mikono yake inatetemeka, hawezi kulehemu tena, lakini macho iko. Alipita redio moja moja akisoma herufi kwa kioo cha kukuza, na mimi nikiandika ku daftari. Zenye E zimewekewa alama ya chaki nyeupe nyuma. Zenye U zimewekwa pembeni, na hizo nakubali zivunjwe, ila transfo ya sauti na spika zitolewe kwanza. Alipofika ku ya mwisho alikaa kimya, kisha akasema, "Hii mimi niliifungua zamani. Angalia, lehemu hii ni yangu."

Hivyo naomba mbele ya kura: zenye chaki zisiuzwe. Vijana wanne, wavulana na wasichana, wakae naye Jumanne asubuhi deponi, na mimi nitakuwapo kuandika. Hakuna atakayewasha kitu bila yeye kusema. Kwa wafadhili wetu, hatuombi redio wala gita. Tunahitaji multimita moja inayofika volti 600 za umeme wa moja kwa moja, kondansa za volti 450, ECC83 mbili na EL84 mbili, na rezistansi za kumwagia umeme. Vyote vinaingia ndani ya sanduku la viatu, na atakayekuja Kindu ao Kalemie anaweza kubeba.

Kuhusu kasha la magonjwa, nimeongea na mhasibu. Redio za U, bila spika, zitampa mnunuzi kilo kadhaa, na pesa ile iingie ku kasha kama vijana walivyotaka. Nimemwambia arudi nyuma ya kura. Amesema atarudi na mizani.